Sahani ya Pili

Siku Atilia aliporudi kutoka hospitali na mapacha wake, wanawake wa mtaa walikuja kumtukana.

Walikuja mchana, jua likiwa kali, na walianza kuimba tangu barabarani. Nyuso zao zilikuwa nyeupe kwa poda ya watoto, wengine walikuwa wamejipaka mpaka kwenye nywele. Aliyetangulia ni Mama Ndaya wa lupango, yaani ua, la jirani, mama mtu mzima, mwenye mwili na mwenye sauti. Na yeye alizaa mapacha zamani, ambao sasa ni watu wazima na wanakaa Lubumbashi. Mikononi alikuwa na sahani mbili za bati zilizojaa unga, na juu ya kila unga kulikuwa na samaki mkavu.

"Mama mapasa, muroho!" aliimba Mama Ndaya; mapasa kwa Kiswahili cha huko ni mapacha.

"Muroho!" wakaitika.

"Benzake banabebaka moja, ye anabeba mbili!"

"Mbili, kama mwizi wa soko!"

"Tumbo yake sawa gunia ya makaa!"

"Na bwana yake, ule fundi, usiku halali!"

Hapo walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Micheline, anayeuza samaki wa chumvi na anayepakana na Atilia ukuta kwa ukuta, alicheza akizunguka kama pia, mkono kiunoni.

Atilia alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mmoja kifuani, mwingine amelala kitandani. Alisikia kila neno, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Alikulia Mafinga, kule Iringa, Tanzania. Kwao msichana akimsalimu mkubwa anakunja goti, na sauti ya juu ni ya kuitia ng'ombe. Miaka miwili aliyokaa Kolwezi, huku Kongo, hakuna mtu aliyewahi kumtolea neno baya, na leo limekuja kundi zima, mpaka kwenye mlango wake, kabla hata kidonda cha uzazi hakijakauka. Kumbe ndivyo wanavyonifikiria siku zote, akawaza.

Akapiga magoti. Alipiga magoti pale pale kwenye kizingiti, na mtoto mkononi.

"Mama zangu," alisema, "kama nimewakosea, naombeni mnisamehe."

Wimbo ukakatika. Wanawake wakatazamana. Mama Ndaya, ambaye alikuwa bado ameacha mdomo wazi, aliufunga, akasogea mbele na kunyoosha zile sahani mbili.

Kwao Atilia, mtu akikuletea vingi, unapokea sehemu na sehemu unamrudishia, ili aone kwamba huna tamaa. Na hawa si wametoka kumwita mroho sasa hivi? Alichukua sahani moja. Ya pili aliirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.

"Moja inatosha, mama. Hii nyingine rudi nayo."

Nyuma kuna mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Micheline akaziba mdomo. Mama Ndaya aliitazama sahani mkononi mwake kama mtu aliyepewa kaa la moto na hajui pa kuliweka.

"Moja inatosha?" aliuliza taratibu.

"Inatosha kabisa, mama. Mungu awabariki."

Waliondoka bila wimbo. Atilia alifunga mlango, akalia mpaka kifua cha nguo kikalowa.

Lakini Atilia hakuwa mtu wa kulia ovyo. Alikuja Kolwezi kumfuata mume wake, Gaudensi, fundi wa malori aliyepata kazi kwenye karakana moja upande wa Musonoi, na tangu wiki ya kwanza alikataa kukaa ndani akisubiri kuonyeshwa. Alijifunza kupanda taxi-moto, zile pikipiki za abiria, na beseni mapajani bila kumkumbatia dereva. Alijifunza kuchanganya unga wa muhogo kwenye ugali, ule wanaouita bukari. Mwanzoni aliuona unavutika kama gundi, lakini baadaye alishindwa kula mwingine. Halafu akaweka meza yake soko la Manika, akaanza kukaanga chapati.

Sokoni aligundua kwake kitu ambacho hata mama yake hakukijua: alikuwa na sauti. "Chapati ya motooo! Anayepita anajuta!" Watu walisikia kutoka kwenye kona ya kanisa. Makarani wa ofisi walikuja, vijana wanaochimba kwenye mashimo walikuja na vumbi lao, wote wakimwita Mama Chapati. Nyumbani alikuwa mpole, akikunja goti hata kwa muuza makaa. Kwenye meza yake alikuwa mtu mwingine.

Hicho ndicho alichokuwa hataki kukipoteza. Akirudi Mafinga atakuwa mke wa fulani, anakaa kwa mama mkwe na kusubiri simu ya mume. Kolwezi alikuwa na mume wake, meza yake na jina lake.

Baada ya siku ile, mtaa ukanyamaza. Zamani Atilia akipiga chafya, watu watatu walimjibu kutoka juu ya kuta. Sasa walimpita na "Jambo, mama," macho chini, na mguu haukusimama. Hakuna aliyeingia kumshikia mtoto wala kumwagia maji. Na mtoto mmoja unaweza kumlea peke yako, lakini wawili ni mambo mengine. Akimwosha Benedikti, Skolastika analia. Akimnyonyesha Skolastika, Benedikti anachafua shuka lililotandikwa sasa hivi. Alipika na mmoja mgongoni na mwingine kifuani mpaka vitunguu vikageuka mkaa. Meza ya sokoni ilikuwa imefunikwa nailoni, na kuna mwanamke mwingine alikuwa ameanza kuisogelea na nyanya zake.

Gaudensi aliona. Alikuwa mtu mwema, na kama watu wema wengi, alitafuta njia fupi.

"Jumamosi Ruffin wa karakana anapeleka gari Lubumbashi," alisema jioni moja, akiosha grisi mikononi. "Atawachukua. Kutoka pale kuna basi mpaka Tunduma, na kaka atakuja kuwapokea. Kaa kwa mama mpaka watoto watembee."

"Mpaka watembee!"

"Mwaka si mwingi."

"Na meza yangu?"

"Meza itakungoja."

"Meza haingojagi mtu, Gaudensi. Hujawahi kuuza."

"Atilia," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Hapa huna mtu."

Neno hilo lingekuwa tusi, Atilia angelisahau. Lakini lilikuwa kweli.

Ijumaa Gaudensi alirudi mapema, na alianza kucheka kabla hajavua viatu. Alikuwa na mfuko mkubwa, akaumwaga kitandani: sabuni mbili, vitambaa viwili vya rangi moja, kofia mbili ndogo, na njuga mbili za watoto zilizotengenezwa kwa mabati ya garini.

"Watu wa hapa wana wazimu," alisema. "Leo karakana nzima imenitukana."

Atilia aliinua kichwa. "Wamekutukana nini?"

"Papy, yule wa kuchomelea, amepanda juu ya tairi mbele ya bosi. 'Baba mapasa, beberu! Mbuzi asiyefungwa kamba!' Wote wakaitika."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Karakana ni karakana. Nikamwambia yeye ni betri iliyokufa, hata isukumwe na mtaa mzima haiwaki."

"Akakasirika?"

"Akanikumbatia! Ndipo wakaleta hivi vitu. Kila kitu viwili viwili. Nikasema kofia moja ingetosha, watavaa kwa zamu. Walitaka kunipiga kweli kweli! Papy akanishika mdomo kwa mkono wake wenye grisi, akaniambia sema haraka, ziko mbili, ziko mbili. Nikasema. Hawa watu, bwana!"

Aliendelea kucheka, lakini Atilia hakuwa anamsikiliza tena. Alizitazama kofia mbili kitandani. Alikumbuka sahani mbili, na aliiona tena ile sahani ya pili ikirudi mikononi mwa Mama Ndaya. Akasikia sauti yake mwenyewe, tamu na ya adabu: moja inatosha.

"Washike hawa," alisema.

"Wote wawili?"

"Mimi nawashika kila siku."

Micheline alikuwa nyuma ya nyumba yake, akipanga samaki wa chumvi kwenye kapu. Alimwona Atilia akija, akarudisha macho kwenye samaki.

"Micheline, niambie ukweli."

"Ukweli ya nini? We ni mutu ya heshima. Mi niko mutu ya samaki."

"Siku ile mlikuja kunitukana au mlikuja kunipongeza?"

Samaki akabaki mkononi mwa Micheline. Alimtazama jirani yake kuanzia miguuni mpaka juu.

"Eh! Kwenu banapongezaka mama mapasa namna gani?"

"Kwa sauti ya chini. Wanakuja mmoja mmoja, wanakaa, wanaleta kanga."

"Sauti ya chini! Sawa ku matanga?" Micheline alikaa juu ya ndoo. "Sikia. Hapa, mapasa inapokelewaka na matusi. Bana mama benye kuzaa moja moja beko na wivu, bale habajazaa beko na wivu, mi mwenyewe niko na wivu. Basi tunautoa wote ku kinywa, mbele ya batu, usibakie mu roho ukaumiza batoto. Unatukanwa, unarudisha, tunacheka, tunakula. Njo vile tu. Lakini we, mama! We unapiga magoti. Unalia. Halafu..." Akateremsha sauti. "Uko na batoto ngapi, Atilia?"

"Wawili."

"Na ulisema nini, mbele yetu bote?"

Atilia alishika ukuta. "Nilikuwa nasema sahani."

"We ulisema sahani. Sisi tulisikia mutoto."

Kutoka nyumbani kwa Atilia, kilio cha Skolastika kilisikika, kisha cha Benedikti, kisha sauti ya Gaudensi ikiwabembeleza wote wawili kwa wimbo mmoja.

"Na hamkuniambia," alisema Atilia.

"Mama Ndaya alikataza. Anasema mutu akirudisha mapasa yake, haumuingilie mu nyumba, utabebeshwa lawama ya mutoto. Mpaka ye mwenyewe akuje kudai. Sahani yako iko kwake, juu ya kabati. Hata mujukuu yake aliikaribia, akachapwa."

"Basi naenda sasa hivi kumwomba radhi."

"Apana!" Micheline aliruka kutoka kwenye ndoo. "Ukipiga magoti tena, mi nahama! Radhi njo iliharibu bitu byote! Uende umutukane."

"Mama mtu mzima kama yule?"

"Umutukane sawasawa. Kwa nguvu, batu basikie. Si uko na ile sauti ya chapati?"

"Nimwambie nini?"

"Tusi ya kufundishwa haina chumvi," alisema Micheline, akarudi kwenye kapu lake. Lakini Atilia aliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa limefungwa, limewekwa mlangoni. Gaudensi alilifunga mwenyewe, akakunja kila nguo ya mtoto kwa uangalifu. Alipogeuka, alimkuta mke wake mbele ya kioo, uso mweupe kwa poda kama ukuta uliopakwa chokaa. Benedikti alikuwa amefungwa mgongoni, Skolastika kifuani.

"Unakwenda wapi hivyo?"

"Kumtukana Mama Ndaya."

"Atilia, jamani. Tuondoke kwa amani."

"Mimi siondoki. Nakwenda kuchukua sahani yangu."

Akaliruka begi akatoka.

Ilikuwa saa ambayo kila mtu yuko uani, wengine wanafagia, wengine wanafua, na redio zinaongea zote kwa pamoja. Atilia alisimama mbele ya lango la Mama Ndaya. Kwa mazoea goti lake la kushoto likaanza kujikunja lenyewe. Alilikaza. Akajiambia kwamba hapa ni sokoni Manika, mbele yake kuna meza, na mafuta yamepata moto. Akavuta pumzi.

"Mwiziii!"

Redio moja ikazimwa.

"Mama Ndaya, mwizi wa sahani! Mnene kwa chakula cha watoto wangu!"

Vichwa vikaanza kuchomoza juu ya kuta. Micheline tayari alikuwa barabarani, uso mweupe kwa poda, kama mtu aliyelala nayo.

"Unakoroma mpaka mabati yanang'oka! Majogoo wanawika usiku wa manane, wanadhani ni lori la mgodi! Toka nje, mama, leta sahani yangu!"

Mlango ulifunguka. Mama Ndaya alitoka, kitambaa cha kichwa kikiwa nusu kimefungwa, nusu kinaning'inia. Hakucheka. Alitembea polepole mpaka langoni, akasimama, mikono kiunoni. Atilia alisikia watoto wake wawili wakihema, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Nani anaita mi mwizi?"

"Mimi! Mama wa wawili!" Atilia aligeuka upande, ili wote wamwone wa mgongoni, akageuka tena, wamwone wa kifuani. "Wawili, mama! Hesabu! Huyu mmoja, na huyu wa pili! Kila mmoja ana mdomo wake na kila mmoja anataka sahani yake, na wewe umeikalia kama kuku anayeatamia!"

Mama Ndaya alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko Atilia alivyopenda. Kisha kona moja ya mdomo ikasogea.

"Poda hata kujipaka haujue," alisema. "Uko sawa panya iliangukia mu unga."

"Unga wangu! Ule uliouficha juu ya kabati!"

Micheline ndiye aliyeanza. Alipiga kigelegele kikali ambacho kiliwatoa wanawake kwenye kila lango, wengine na mapovu ya sabuni mikononi. "Muroho!" alipiga kelele. "Amerudi kudai, muroho!"

"Muroho!" wakaitika.

"Mimi mroho?" Atilia alikuwa amepata moto sasa, na maneno yalikuja yenyewe kama wateja wa saa nne. "Na wewe Micheline, mdomo wako hauna kufuli! Mtu akikunong'oneza hapa Manika, kabla hajamaliza wanacheka Musonoi! Na nyinyi wote mnaonionea wivu, waume zenu wanagonga nyundo mwaka mzima, msumari mmoja hauingii! Wangu kagonga mara moja, misumari miwili!"

Hapo mtaa uliharibika. Mama mmoja alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akipiga ardhi kwa kiganja. Mama Ndaya alikuwa ameshika nguzo ya lango, machozi yakichora mistari mashavuni, na tumbo lake lote lilikuwa linacheka.

"Toto ya batu!" alisema alipopata pumzi. "Na ulikuwa unaficha wapi kinywa hii?"

"Sokoni, mama."

Mama Ndaya aliingia ndani, akarudi na sahani. Ilikuwa imejaa unga, na samaki juu yake. "Samaki ya kwanza nilikula," alisema bila aibu. "Hii ni ingine. We ulifikiri nitaangalia samaki anaoza?" Akasugua kidole kwenye kipande cha chokaa nyeupe alichotoka nacho, akampaka Benedikti kwenye paji la uso, kisha Skolastika. "Huyu alitangulia? Basi ni Kyungu. Na huyu, Kabange, njo majina ya mapasa kwetu. Yale majina ya padiri, mutawaita siku ya Mungu."

Ngoma zilikuwa ndoo mbili za plastiki. Walikuwa katikati ya wimbo pale gari la Ruffin lilipoingia mtaani likipiga honi. Ruffin, kijana mwembamba mwenye miwani ya jua, alitoa kichwa dirishani.

"Nani anasafiri?"

Lilikuwa kosa kuuliza vile akiwa na dirisha wazi. Micheline alimfikia kwanza na poda yake, na Ruffin alipovua miwani alikuwa na duara mbili nyeusi kwenye uso mweupe.

Gaudensi alikuwa amesimama kwenye lango lao, begi mkononi. Wanawake walimwona.

"Beberu!" wakaimba. "Beberu, unabeba nini?"

Aliwatazama, akalitazama begi, akamtazama mke wake aliyekuwa anacheza na watoto wawili mwilini, jasho likiteremka kwenye poda. Hakuwa amemwona akicheza tangu siku ya harusi yao, na siku ile alicheza akiangalia chini.

"Nimwambie Ruffin nini?" aliuliza.

"Mtukane kwanza," alisema Atilia, "asije akaondoka hivi hivi. Halafu begi lirudishe ndani. Jumatatu nakwenda sokoni, kuna mtu ameweka nyanya kwenye nafasi yangu."

"Na watoto?"

Mama Ndaya hakungoja swali hilo limalizike. Tayari alikuwa nyuma ya Atilia akifungua fundo la kanga, akamtoa Benedikti na kumlaza begani kwake, bila kuomba, kama mtu anayechukua kitu chake. Micheline akamchukua Skolastika. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali, Atilia alikuwa na mikono miwili mitupu. Alisimama akaitazama, hajui aifanyie nini.

Mama Ndaya akamsogezea sahani, lakini kidole chake kikaikandamiza ukingoni, isitoke.

"Ile ya kwanza, uliipika?"

"Niliipika, mama."

"Ilitosha?"

"Thubutu!" alisema Atilia, akaivuta sahani kwa nguvu.